Shokabzoba Nne Ndani ya Soksi Nyeusi

Akiru wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua hii ilitakiwa kuandikwa mwaka jana, na mimi nimekuwa nikiisogeza kama yule mteja ninayemwambia "njoo kesho, imebaki vifungo tu", kumbe kitambaa chenyewe hata sijakikata. Sasa kesho asubuhi unapanda basi, na mimi sina kesho nyingine ya kujificha.

Leo ni Jumapili, saa tisa mchana. Umeenda Leparua kumuaga nyanya yako. Ukirudi jioni utakuwa na mtungi wa maziwa na maneno yake mengi, na majirani watajaa humu ndani, kwa hivyo naandika sasa hapa barazani, juu ya meza ya cherehani. Gari lako la rimoti liko mbele yangu. Ukiliona utashtuka, maana limelala kwa tumbo, halina shokabzoba hata moja. Zote nne nimezitoa mimi. Nitakueleza.

Mambo ya kula, kufua, kuchunga simu na nani wa kumfungulia mlango, hayo sirudii. Umeyasikia tangu barua ya chuo ifike, na juzi ulianza kunimalizia sentensi. "Najua, Mama, nisianike nguo za ndani dirishani." Basi, nimenyamaza.

Nataka kukwambia juu ya siku ile wageni wa Nairobi walipokuja kushindana mara ya kwanza, gari lako likapinduka mbele ya watu wote. Wewe unaijua siku hiyo kwa upande mmoja. Upande wa pili ninao mimi, na nimeukalia mwaka mzima na zaidi.

Unakumbuka lilivyoingia kwetu. Kinoti, fundi wa simu ambaye kibanda chake kimegusana na baraza yetu, alikuwa na lile gari la rimoti limevunjika mbele, amelitupa chini ya meza. Nilimshonea pazia la kibanda, akakupa wewe mzoga wake. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Mimi nilidhani ni kitu cha kuchezea, utalisukuma siku mbili kisha utalisahau chini ya kitanda. Sikujua kuna watu wazima, wana kazi na familia, wanaokutana Jumamosi kwenye uwanja wa saruji wa shule kushindana na magari yenye urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Na sikujua kwamba kwenye mchezo huo mbio ni kitu kidogo. Kazi kubwa iko miguuni: springi, shokabzoba, gurudumu limeinama kiasi gani, limening'inia kiasi gani ukiliinua gari juu.

Nilianza kuelewa siku niliposoma daftari lako. Ndiyo, nililisoma. Nilidhani nitakuta jina la mvulana. Nikakuta umeandika hivi: "Leo nimelainisha springi za nyuma tu. Kona ya lango sawa. Kona ya tangi bado mkia unatoka. Kesho nisiguse kitu kingine, nijaribu gurudumu la nyuma liangalie ndani kidogo." Kurasa na kurasa za namna hiyo. Kitu kimoja kwa siku. Nilifunga daftari polepole nikarudi kushona, na nakumbuka siku hiyo nilishona kola mbili vibaya, kwa sababu nilikuwa nafikiria: huyu mtoto ametoa wapi subira hii? Si kwangu. Mimi nguo ikikataa huifumua yote kwa hasira nikaanza upya.

Sasa, wiki ile ya wageni. Jumatatu Kinoti alikuwa amesafiri kwao Meru, kwa hivyo ulizijaza mafuta shokabzoba zote nne mwenyewe kwa mara ya kwanza, hapa hapa barazani. Nilikuona umekaa chini umezisimamisha kwenye kopo la mchele, unavuta kile chuma cha katikati juu na chini taratibu, unangoja mapovu yatoke. Nikakuita ukachukue maji, hukunisikia. Nikakuita tena. Ukasema, "Mama, nikiamka sasa hewa itabaki ndani." Nilinung'unika, nikaenda na mtungi mwenyewe.

Jumatano nyanya yako akaja kuuza mbuzi wawili sokoni, akalala kwetu. Ulimwendeshea gari hapo nje kwenye njia. Alikaa kwenye kiti chake kile cha mti, ameshika shavu, akaliangalia likizunguka mara tatu.

"Huyo, mguu wa nyuma wa kushoto unamuuma," akasema.

Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Nyanya, hii ni gari!"

"Najua ni gari. Mimi si kipofu. Gari inachechemea."

Wewe ulidhani anakutania. Mimi sikucheka, kwa sababu namjua. Nilipokuwa kidato cha pili nikapata mimba yako, nilivaa sweta miezi minne kwenye jua hili la Isiolo ili asijue. Nilikuwa natoka jasho mpaka viatuni. Siku moja nilikuwa napita uani na ndoo, akaniangalia nikitembea, jinsi anavyoangalia mbuzi wakitoka zizini, akamwambia dada yake, "Huyu amebeba." Basi. Hakuniuliza hata swali moja. Na mimi nilivyo mjinga, sweta sikulivua mpaka wiki iliyofuata.

Nakwambia hili ujue ninatoka wapi. Mimi ni mtu wa kuficha kitu mpaka kila mtu anakiona isipokuwa mimi.

Ijumaa wewe ulikuwa shule na gari lilikuwa kwenye boksi lake. Maneno ya nyanya yalikuwa bado yananiwasha. Na kulikuwa na jambo lingine, hili ni baya zaidi, wacha niliseme. Jumamosi iliyotangulia nilikuja uwanjani kukuangalia, na kijana mmoja mwenye maikrofoni alisema gari lako linakata kona kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Watu walicheka. Na ni kweli lilikuwa linalala upande kwenye kona, kwa sababu ulikuwa umelilainisha makusudi, uwanja una vumbi. Wewe ulicheka nao. Mimi niliona aibu. Nilitaka gari lako lisimame wima, kifua mbele, lisichekwe. Wewe ulijua ulichokuwa unafanya, na mimi nilisikiliza maikrofoni.

Kwa hivyo nilifungua boksi. Nikaangalia mguu wa nyuma wa kushoto. Kweli, ulikuwa umelowa. Nyanya yako hakukosea. Ule mpira mdogo wa chini, oringi, ulikuwa umezeeka, mafuta yalikuwa yanatoka kidogo kidogo. Nikafungua kifuniko cha juu. Mafuta yalikuwa yamefika nusu.

Sasa sikiliza vizuri, Akiru, hapa ndipo nilipochelewa kufika. Nilifungua na zile nyingine tatu. Zilikuwa zimejaa mpaka kwenye mdomo. Mafuta safi kama maji ya mvua. Hakukuwa na povu hata moja, hata dogo kama kichwa cha pini. Nilizigeuza kwenye mwanga nikatafuta, sikupata. Ile ya nne pia uliijaza sawa, mpira ndio uliokuangusha, na mpira huo hukuuweka wewe, ulikuja na gari. Hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeiona. Niliiona mimi peke yangu, na niliimwaga kwenye kitambaa.

Niliimwaga kwa sababu nilidhani mafuta ni mafuta. Nina kopo la mafuta ya cherehani, miaka kumi na tatu sasa mashine yangu haijawahi kukwama. Nikasema, kama ninaweza kuitunza mashine hii, nitashindwa na kitu kidogo kama kidole? Nikajaza zote nne mafuta ya cherehani. Kisha nikazikaza zile pete za springi mpaka mwisho. Gari likasimama juu, wima, limetoa kifua kama askari wa gwaride. Nikalipangusa vumbi. Nilifurahi, haki ya Mungu. Nilidhani nimekusaidia.

Jumamosi ulitoka masomo ya asubuhi ukaja uwanjani moja kwa moja, na mimi nikakuletea boksi. Hukupata muda wa kulijaribu. Uliliangalia ukasema, "Mbona limesimama juu hivi?" Ukaangalia daftari, ukaangalia gari. Nilikuwa nimesimama pale pale, mdomo huu huu. Ningesema neno moja. Wakakuita, ukatia betri.

Sirudii yaliyotokea, uliyaona. Nataka tu ujue kwamba niliyaona pia. Lilifika kwenye kile kiungo cha saruji katikati ya uwanja likaruka, likatua, likaruka tena, na yule kijana wa maikrofoni akasema, "Jameni, hiyo ni gari ama ni chura?" Kwenye kona ya tangi likapinduka. Raundi ya pili, shokabzoba moja ya nyuma ikakwama chini, haikurudi, kwa sababu mafuta yale yalikuwa yamelala ndani usiku kucha na mipira imevimba kama mguu ulioumwa na nyuki. Hilo nililijua baadaye. Siku hiyo niliona tu gari lako linachechemea kwelikweli, na wewe umeshika rimoti kwa mikono miwili na huangalii mtu.

Kinoti alikuwa amerudi. Alikuja akauliza kwa upole, "Nani alijaza hizi shokabzoba?"

Ukasema, "Ni mimi."

Akasema, "Sawa. Basi mkono bado."

Hakusema kwa ubaya. Mafundi huambiana hivyo kila siku. Lakini nilikuona ukiiangalia mikono yako. Uligeuza viganja, ukaviangalia, ukavipangusa kwenye sketi ya shule. Na mimi nilikuwa nimeshika mwavuli.

Ulifunga gari kwenye leso yangu ukalisukuma chini ya kitanda. Miezi mitano. Daftari nalo ukaliweka chini ya godoro. Ulikuwa unarudi kutoka shule, unapika, unanisaidia kutia vifungo, unacheka vizuri tu, na Jumamosi ikifika unalala mpaka saa nne. Mimi nikajiambia, mtoto amekua, ameachana na vitu vya kitoto. Ona jinsi mtu anavyoweza kujitengenezea maneno.

Mwishowe nililitoa nikampelekea Kinoti ukiwa shule. Alifungua shokabzoba moja, akanusa. Akanusa tena. Kisha akageuza kichwa polepole akaangalia cherehani yangu, akaangalia lile kopo lenye mdomo mrefu lililokaa pembeni yake.

"Mama Akiru."

"Ndiyo."

"Hii ni mafuta ya cherehani."

Nikalisogeza lile kopo nyuma ya cherehani.

"Na mimi nilimwambia mtoto mkono bado." Aliweka shokabzoba chini kama imemchoma. "Wewe utamwambia, ama nimwambie?"

"Nitamwambia mwenyewe."

"Lini?"

"Leo."

Hiyo leo ndiyo hii. Sasa unajua kwa nini Kinoti kila akipita hapa hugonga lile kopo kwa ukucha, ting. Uliniuliza mara nyingi ana nini na kopo letu, nikasema ni tabia yake. Si tabia. Alikuwa ananiuliza kama nimekwambia. Ameniachia nafasi muda wote huo, na mimi nimeitumia vibaya.

Badala ya kusema, nikaamua kutengeneza. Ndivyo nilivyo, nikikosa maneno nashika sindano. Nilimwambia Kinoti anifundishe. Alinionyesha kwamba mipira hii na mafuta ya mashine havielewani, inataka mafuta yake ya silikoni, mazito kidogo. Alinionyesha jinsi ya kuisimamisha shokabzoba, kuvuta chuma bila haraka, kuiacha ipumzike kwa muda wa kunywa chai, ndipo uifunge. Kisha unazishika mbili mbili, unazibonyeza kwa vidole gumba pamoja, na zote mbili zirudi kwa mwendo mmoja. Mikono ya cherehani inajua kusikia vitu vidogo. Niliharibu nyingi kwanza, na siku moja nililimwagia mafuta gauni la bibi harusi, yule wa kanisa la juu, na hilo pia usimwambie mtu.

Ulipolikuta gari juu ya kitanda chako limesimama sawasawa, uliniuliza nani. Nikasema ni mimi, nimejifunza kwa Kinoti. Ulinikumbatia. Na ukasema, "Basi Mama, wewe ndiye mwenye mkono. Mimi nitafanya mengine, shokabzoba ziwe zako." Nikasema sawa. Ningekwambia pale pale, na ungenisamehe kabla chai haijapoa, nakujua. Lakini ulikuwa umefurahi, na mimi nilikuwa nimetamani furaha hiyo miezi mitano. Sikutaka kuigusa.

Kwa hivyo tukaendelea hivyo. Wewe springi, wewe kimo, wewe magurudumu, wewe daftari. Mimi shokabzoba. Watu wakasema oneni mama na binti. Kumbe nilikuwa nimekaa kwenye kiti chako.

(Nimesimama kidogo hapa. Mama Halima amekuja na suruali ya mtoto. "Salaam aleikum, Mama Akiru, unaandika kesi?" Nikamwambia ni kesi kweli. Nimemwambia arudi kesho, na safari hii ni kesho ya ukweli.)

Sasa wacha nikuambie juu ya mwaka huu, kwa sababu hiyo siku naipenda na nataka kuiandika kwa mkono wangu.

Wageni walirudi. Upepo ulivuma tangu asubuhi, vumbi lote la sokoni likaja kulala kwenye uwanja. Magari ya Nairobi yalikuwa yamelala chini, magumu, yametengenezwa kwa uwanja wa ndani uliotandikwa zulia, na kila yakifika kona yanateleza kama sabuni. Wenyewe wakaanza kubadilisha kila kitu pamoja, huyu anabadilisha tairi, huyu springi, huyu anapiga simu. Wewe ulichuchumaa, ukapitisha kiganja kwenye saruji, ukaangalia vumbi kwenye vidole. Ukafungua daftari, si ukurasa wa karibu, ukurasa wa zamani sana, ule wa kabla ya chura. Ukaniambia, "Mama, nishikie hapa." Ukaweka springi laini nyuma. Basi. Nilikuuliza, "Hayo tu?" Ukasema, "Hayo tu kwanza." Ukaliendesha raundi moja, ukarudi, ukayaachia magurudumu ya nyuma yaning'inie kidogo zaidi, uzi mmoja wa skrubu. Ukaliweka chini.

Gari lililala kwenye kona kama mlevi wa mwisho wa mwezi, na halikuteleza hata mara moja. Uliwapita mmoja mmoja. Kwenye kona ya tangi, ile iliyokukataa miaka yote, ulipita ndani ya wawili kwa pamoja. Na yule kijana wa maikrofoni, yule yule, akapiga kelele mpaka maikrofoni ikakatika: "Chura amekula watu! Jameni, chura wa Bulla Pesa amekula watu!" Nilipiga kigelegele mpaka sauti ikaisha siku mbili. Wateja walidhani nina homa.

Halafu yule mama wa miwani, mwalimu wa karakana kwenye chuo unachokwenda, alikuja akainama akaliangalia gari lako kwa muda mrefu. Akakuuliza, "Nani alikupangia hii gari?"

Ukasema, "Ni mimi." Na mimi nikavuta pumzi ya kujivuna. Kisha ukaongeza, "Lakini shokabzoba ni za mama. Mimi mkono wangu wa kujaza hauko."

Akiru, umeshinda watu wa Nairobi na bado una lakini. Na hiyo lakini niliishona mimi.

Hata hapo nilinyamaza. Kilichonivunja ni Jumanne hii. Ulikuwa unakunja nguo, ukaniambia bila kuniangalia kwamba ukifika utaomba wakubadilishie kozi, uache ufundi wa magari uchukue ya ofisi. Nikauliza kwa nini. Ukasema, "Huko ni karakana, Mama. Watanipa vitu nifungue na nifunge, na wewe hutakuwa hapo kuangalia." Ulisema polepole tu, kama mtu anayesema mvua haijanyesha. Nikatoka nje nikajifanya naanua nguo. Kamba ilikuwa tupu.

Sasa umejua. Mkono wako haukuwa bado. Mkono wako ulikuwa tayari siku ya kwanza, siku ile ulipokataa kuamka kuchukua maji. Mimi nina ushahidi wa macho yangu na ndimi niliyeuharibu. Kinoti alisema neno lake kwa kazi yangu, wewe ukalibeba.

Najua unangoja niseme maisha ni kama gari. Sisemi. Gari ni gari. Ila hili moja ni langu na nitalisema: nilikuzaa nikiwa na umri huo wako, na tangu hapo nilikaza kila kitu kilichopita mbele yangu, kwa sababu niliogopa kuchekwa tena. Wewe nilikukaza pia. Nani uende naye, saa ngapi urudi, sketi ifike wapi. Mengine yalikuwa ya lazima na siombi radhi kwa hayo, mji huu naujua. Lakini mengine yalikuwa aibu yangu tu imevaa nguo za mama. Ulilainika mwenyewe, sijui ulijifunzia wapi, labda ni kwa nyanya.

Una ruhusa ya kunikasirikia. Kwenye basi utakuwa na saa nyingi za kukasirika vizuri. Ukifika usiponipigia siku ya kwanza nitaelewa. Siku ya pili nitapiga mimi.

Lakini kozi hubadilishi kwa sababu yangu. Ukikaa huko, ukaona kwa macho yako mwenyewe kwamba unapenda ya ofisi, niambie, nitakusikiliza. Kwa uongo wangu, hapana. Hapo sina mchezo.

Zile shokabzoba nne nimezifungua, nimezimwaga, nimezisafisha, zimekauka. Ziko ndani ya soksi yako nyeusi, ile moja iliyopoteza mwenzake, chini kabisa ya begi. Nimetia humo oringi nane mpya na chupa ya mafuta ya silikoni iliyobaki. Sikuzijaza. Mikono ilikuwa inawasha, lakini sikuzijaza.

Gari linabaki hapa, kama ulivyosema. Ila halitakaa chini ya kitanda. Nimejiandikisha kwa mashindano ya wageni yajayo. Kinoti alicheka mpaka akaangusha simu ya mtu. Anasema ninaendesha jinsi ninavyoshona zipu, moja kwa moja, kona sizijui. Nitazijua. Nitamwalika nyanya yako akae pembeni aniambie ni mguu gani unauma.

Nikimaliza hapa naingiza barua hii kwenye begi, halafu naenda kumwambia Kinoti aache kugonga kopo langu.

Ninajivunia wewe mpaka naona haya kuandika. Nenda salama, mwanangu.

Mama yako

Nilivyopungukiwa, unitumie kwa basi, uandike jina langu na mtaa wetu, Bulla Pesa:

Springi laini za nyuma, jozi moja. Zetu zimechoka, moja imeinama.

Tairi za mpira laini, nne, za uwanja wenye vumbi. Si za zulia, wasikudanganye.

Chupa moja ya mafuta ya silikoni, namba mia nne, kwa sababu yangu nimekupa.

Ule ukurasa wa daftari wa kabla ya chura. Unakili kwa mkono wako, usipige picha, macho yangu hayasomi kwenye simu.

Na zile shokabzoba nne, umezijaza wewe, umezifunga wewe, mtu yeyote asiziangalie. Nitazifunga kwenye gari kama zilivyofika. Sitazifungua.